Mtupaji Aliyekwenda Manowarini

Mwanamichezo Bob Feller alizaliwa mwaka 1918 shambani karibu na Van Meter, katika jimbo la Iowa, Marekani. Baba yake, mkulima, alimfundisha besiboli na akatenga sehemu ya shamba iwe uwanja. Kijana akiwa na miaka 17 tu, tayari alikuwa mtupaji wa timu ya Cleveland, yaani yule amrushiaye mpigaji mpira, na watu wazima waliiogopa kasi yake.

Desemba 1941, muda mfupi baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, alijiandikisha katika jeshi la wanamaji. Sheria ingemruhusu kubaki, kwani baba alikuwa akiugua saratani na jamaa yote ilimtegemea yeye. Hakubaki. Aliongoza kikosi cha mzinga wa kutungulia ndege katika manowari Alabama. Baba alifariki mwaka 1943, mwana angali jeshini.

Karibu misimu minne ikapita hivyo, ile ambayo mkono wa mtupaji huwa na nguvu kuliko yote. Hata hivyo, mwaka 1946 alishinda michezo 26. Alipostaafu mwaka 1956 alikuwa na ushindi 266. Mashabiki hukadiria mengine ambayo angeshinda. Mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2010, aliutanguliza ushindi wa vita.