Lubero: Kabla ya kupuliza dawa, tambua kwanza ugonjwa

Saa kumi na mbili asubuhi, milima ya Masereka bado imefunikwa na ukungu. Mama mmoja muhamaji anainama katikati ya mistari ya viazi na kugeuza jani. Juu kuna doa jeusi, kama jani limeunguzwa na maji ya moto. Chini yake kuna utando mweupe, laini kama pamba. Jana jioni doa hilo halikuwapo. Mzee mwenye shamba anaangalia naye, kisha anasema polepole: «Mama, hii ni mildiu. Tukingoja, juma lijalo tutavuna harufu tu.»

Shamba si la mama huyo. Alitoka upande wa Rutshuru mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, akiwa na watoto wanne, godoro moja na sufuria mbili. Familia iliyompokea ilimpa chumba, na mzee huyu akampa kipande cha udongo kwa masharti ya kugawana mavuno nusu kwa nusu. Mbegu alichukua kwa deni. Watoto wawili wanangojea viazi hivyo ili warudi darasani.

Kwa hiyo alishuka sokoni siku hiyo hiyo. Dawa aliyouziwa ilikuwa unga wa manjano ndani ya kasashe kaliyofungwa fundo, bila jina na bila maandishi. Muuzaji alimwambia atie kizibo kimoja kwa kila pompu. Muuzaji wa pili, hatua kumi kutoka hapo, alisema vizibo vitatu. Kizibo cha chupa gani? Pompu ya lita ngapi? Hakuna aliyejua. Mama alisimama na pesa mkononi, akikumbuka msimu uliopita.

Msimu huo viazi vyake vilinyauka mchana jua likiwaka, majani yakiwa bado ya kijani. Alinunua dawa ya ukungu, akapuliza. Akanunua tena, akapuliza. Mimea iliendelea kufa, mmoja mmoja. Ndipo agronomu mmoja aliyekuwa akipita alipokata shina karibu na mzizi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. «Mama, huu si ukungu, ni bakteria,» alimwambia. «Hata upulize duka nzima, hautapona.» Ugonjwa wa namna hiyo hauna dawa ya kupuliza. Mmea unang'olewa pamoja na udongo wake, mbegu safi inatafutwa, na shamba hilo halipandwi viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa. Pesa za dawa zilikuwa zimekwenda bure.

Safari hii ugonjwa ulikuwa mwingine. Mildiu ndiyo iliyoharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu karibu milioni 1 wakafa kwa njaa na maradhi. Inapenda ubaridi na majani yaliyolowa, yaani hali ya hewa ya kila siku katika milima ya Lubero. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho huchukuliwa na upepo na mvua kutoka shamba hadi shamba. Ndiyo maana mkulima mmoja akizembea, jirani naye analia.

Unga wa manjano unaouzwa sana kwa ajili ya mildiu ni mankozebu. Watu wengi wanadhani unaponya. Sivyo. Unafunika jani kama koti, ukiuzuia ugonjwa usiingie. Jani lililokwisha kuingiliwa haliponi, na jani jipya lililoota baada ya kupuliza halina koti. Mvua kubwa ikinyesha, koti linaoshwa. Ziko dawa nyingine, kama zile zenye metalaksili, ambazo huingia ndani ya mmea. Hizo zina nguvu, lakini zikitumiwa peke yake mara kwa mara, ugonjwa unazizoea na dawa haifanyi kitu tena. Kwa hiyo wataalamu wanashauri kubadilisha.

Mankozebu si ya kuchezea. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa katika mashamba yake, kwa sababu mojawapo kwamba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na kuvuruga homoni za mwili. Huku kwetu bado inauzwa, na mara nyingi wanaoibeba mgongoni kwa malipo ya siku ni vijana na wamama wahamaji, bila kashene, bila gombuti, na wengine wakiwa na mimba. Pompu ikivuja, mgongo unalowa dawa tangu asubuhi hadi jioni.

Na dawa za asili je? Mama huyo alikuwa amezoea kunyunyiza majivu. Majivu yana kazi zake, lakini hayasimamishi mildiu. Maziwa, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, husaidia kwa ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani ya maboga, si kwa mildiu ya viazi. Dawa ya zamani inayofanya kazi kweli ni ile ya Bordeaux, iliyojulikana Ufaransa katika miaka ya 1880 kwenye mashamba ya zabibu. Kwa lita 10 za maji, gramu 100 za sulfati ya shaba, ile ya rangi ya buluu, huyeyushwa katika ndoo ya plastiki, na gramu 100 za chokaa katika ndoo nyingine, kisha vinachanganywa. Chombo cha chuma hakifai. Msumari safi ukichovywa humo na kutoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haitoshi, na dawa hiyo itaunguza majani. Hutumiwa siku ile ile. Lakini nayo, ingawa wengi huiita ya asili, ni sumu mtu akiimeza, na shaba ikirundikana miaka mingi inachosha udongo.

Hilo la sumu, familia hiyo ilijifunza kwa uchungu. Mtoto wa kiume, wa miaka kumi na miwili, anafuga simbilisi chini ya kitanda. Wanyama hao walianza kupoteza manyoya kuzunguka macho na pua, ngozi ikifanya magamba. Ni ukungu wa ngozi, ndugu wa choa cha watu. Mtoto aliona mzee akichanganya dawa ya buluu, akachukua kidogo, akawapaka. Simbilisi hujiramba. Asubuhi ya pili watatu walikuwa wamekufa, na mtoto alikaa nje siku nzima bila kusema neno.

Muganga wa mifugo aliwaeleza njia nyingine. Mnyama mgonjwa anatengwa, majani ya kulalia yanachomwa, kibanda kinaoshwa na kuanikwa juani, na madoa yanapakwa dawa ya iyodi. Anayewashika avae glavu au afunike mikono kwa sashe safi, kisha anawe kwa sabuni, maana ukungu huo humwambukiza mtu. Mdogo wake alikuwa tayari na doa la duara kichwani. Kwa kichwa, kupaka tu mara nyingi hakutoshi. Alipelekwa kituo cha afya akapewa vidonge.

Siku ile sokoni, mama hakununua kasashe. Alirudi kwa mzee, wakachanga pesa na majirani wawili, wakanunua pakiti nzima yenye karatasi yake, wakapima kwa mizani ya muuza sukari iliyofunikwa kwa plastiki. Waling'oa mimea iliyougua wakaizika mbali. Walipuliza asubuhi bila mvua, upepo ukiwa mgongoni, wakainua udongo kwenye mashina ili mvua isishushe ugonjwa hadi kwenye viazi. Majuma mawili kabla ya kuvuna walikata majani yote. Hawakuvuna kama walivyotumaini, lakini deni la mbegu lililipwa, na mtoto mmoja kati ya wawili amerudi shuleni. Wa pili anangojea msimu ujao.

Pakiti ilipokwisha, binti yake aliiosha ili aweke chumvi ndani. Mama alimpokonya, akaitoboa kwa kisu, akachimba shimo mbali na kisima na kuizika. «Chumvi,» alisema, «tutaiweka kwenye kopo lenye kutu. Kutu tunaijua.»