Kanga Zangu na Ile Hela



Nilikuwa nangoja doti mbili za kanga kutoka kwa dada. Jumanne, hapa Leicester, meseji ikaingia: kifurushi chako kimekwama, lipa pauni 1.45 kikufikie. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka na nembo ya posta, nadhifu kuliko wa posta yenyewe. Nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, simu, namba ya kadi. Zilibaki tarakimu tatu za nyuma ya kadi, ndipo bibi jirani, aliyekuja kuazima ngazi, akachungulia. "Hao walinila pauni 600 mwezi uliopita," akasema, kama anasimulia foleni.

Nilichoka. Huku aliyetapeliwa anasema. Kwetu Tanzania ananyamaza.

Mama mdogo alipopata ile meseji ya "Ile hela tuma kwenye namba hii", alituma laki tatu za kikoba. Tulijua baada ya miezi minne, tena wanakikoba walipokuja kudai. Tukacheka! Mpaka leo wapwa zake wanamwita Mama Ile Hela. Kumbe siku ile alikuwa kweli anangoja namba ya mweka hazina. Tapeli hakumjua, alitupa jarife kwa maelfu ya watu, akijua hatakosa mmoja anayengoja namba, kama mimi na kanga zangu.

Si kwamba Waingereza hawana haya. Tangu Oktoba 2024, mteja akilaghaiwa akahamisha fedha mwenyewe, kwa kawaida benki inatakiwa kumrudishia, mwisho pauni 85,000. Asiyesema harudishiwi. Meseji ya kitapeli wanaipeleka 7726, bure. Na nyie wa nyumbani mnayo 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nani kati yenu amewahi kuitumia? Mnapiga picha, mnarusha kwenye kundi la ukoo, mnaweka vikatuni vya kucheka.

Basi sikieni. Kiungo kilichokuja chenyewe usikibonyeze. Fungua programu yako mwenyewe. Ukiitazama anwani, acha ile https:// ya mwanzoni, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha urudi nyuma: mwenye nyumba yuko hapo. Jina la posta kule mwanzo anaweza kulibandika yeyote. Anayetaka hela mpigie kwa namba uliyo nayo siku zote. Namba ya siri hasomewi mtu, hata akikuita mama. Na ukishaumwa, pigia benki siku hiyo hiyo, kwa namba ya nyuma ya kadi.

Mimi nilipigia benki, kadi ikafungwa. Alhamisi akanipigia "afisa wa benki", sauti ya asali, anajua hadi tarehe yangu ya kuzaliwa. Si nilimpa mwenyewe! Akataka nihamishie akiba kwenye "akaunti salama". Nikakata, nikapiga 159, namba ya huku inayokuunganisha na benki yako halisi.

Mama mdogo ndiye aliyeniambia niyaandike haya. Mama, samahani kwa kile kicheko. Kanga zimefika Jumamosi, na dada kanunua doti zote mbili rangi moja.