Mji mmoja, kitanda kimoja, safari tele

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga, na iwapo kuna watu wanaohitaji kukumbushwa methali hii, ni sisi tunaobahatika kufika Ulaya mara moja maishani. Kwa kuwa nauli ni ghali na viza haipatikani kwa urahisi, hutaka kumaliza bara zima kwa wiki moja. Leo Berlin, kesho Munich, kesho kutwa Vienna. Kila usiku hoteli mpya, kila asubuhi kuburura sanduku. Mwishowe mtu hurudi nyumbani na picha chungu nzima za stesheni na miguu iliyovimba.

Nilipofunga safari ya siku kumi kwenda Ujerumani mwezi wa Juni 2025, sikuwa nimetumwa na gazeti. Nilitumwa na mama. Kitinda mimba wetu anasomea uuguzi katika mji wa Regensburg, jimbo la Bayern, kusini mwa nchi hiyo. Mafunzo hayo huchukua miaka mitatu, darasani na hospitalini kwa zamu, na mwanafunzi hulipwa mshahara mdogo. Kwenye simu, binti alisema kila mara kuwa yu mzima. Lakini mama alikuwa amesikia hadithi nyingi mno za watoto wa watu waliopotelea ng'ambo.

"Simu haina macho," aliniambia. "Nenda wewe ukamwone."

Hivyo basi nilikata shauri kutohamahama. Nilikodi chumba kidogo mtaani Stadtamhof, ng'ambo ya mto Danube, kwa siku zote kumi. Mchana, mdogo wangu akiwa kazini, ningepanda garimoshi nikatembee. Jioni ningerudi tule pamoja.

Regensburg ni mji mkongwe kwelikweli. Warumi walijenga ngome hapo mwaka wa 179, enzi za Kaisari Marcus Aurelius, na sehemu ya lango lake, Porta Praetoria, ingali imesimama ndani ya ukuta wa jengo jingine. Mabomu ya Vita Vikuu vya Pili hayakuuharibu sana mji huo wa kale, na mnamo 2006 UNESCO iliuorodhesha kuwa turathi ya dunia.

Kila asubuhi nilivuka Daraja la Mawe, lililojengwa kati ya 1135 na 1146. Siku hizi magari hayaruhusiwi. Ni la waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Wenyeji husimulia kwamba fundi wa daraja aliwekeana dau na fundi wa kanisa kuu, nani atamaliza kwanza. Alipoona anashindwa, akamwomba Shetani msaada kwa ahadi ya roho tatu za kwanza zitakazovuka. Kazi ilipokwisha, akavusha jogoo, kuku na mbwa! Hadithi ni tamu, ila kanisa lililopo sasa lilianza kujengwa zaidi ya karne moja baada ya daraja kukamilika.

Kando ya daraja kuna kibanda kikongwe cha soseji ndogo za kuchomwa, zinazoliwa kwa kabichi iliyochachushwa na haradali. Ndugu zetu Waislamu watahadhari, kwani ni nyama ya nguruwe.

Sasa tuje kwenye garimoshi, maana hapo ndipo mfuko huokolewa. Katika jimbo hilo kuna tikiti ya siku nzima iitwayo Bayern-Ticket. Ukiwa nayo unapanda garimoshi lolote la kawaida humo jimboni, mradi si yale ya kasi, na watu hadi watano huweza kuinunua kwa pamoja na kugawana gharama. Kati ya Jumatatu na Ijumaa huanza kutumika saa tatu asubuhi, lakini wikendi hutumika tangu usiku wa manane. Ipo pia Deutschlandticket ya mwezi mzima, inayotumika nchini kote. Ilianzishwa Mei 2023 kwa yuro 49, na Januari 2025 ikapanda hadi 58. Hiyo ni ya kujiandikisha, na usipoifuta mapema utaendelea kukatwa pesa ukiwa umesharudi Nairobi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Kelheim, kwa garimoshi hadi Saal kisha basi. Kutoka hapo meli hupita katikati ya miamba mirefu, mahali mto unapokuwa mwembamba, hadi kwenye nyumba ya watawa ya Weltenburg. Kupanda mto ni dakika 40, kushuka ni nusu yake. Wanaotaka kwenda wakumbuke kwamba meli hizo hupumzika majira ya baridi.

Siku nyingine nilikwenda Nürnberg, nikaketi katika ukumbi nambari 600 wa mahakama ambako wakuu wa serikali ya Hitler walishtakiwa kuanzia Novemba 20, 1945. Hukumu zilipotolewa mwaka uliofuata, 12 kati yao walihukumiwa kifo. Sisi tuliofuatilia kesi za The Hague baada ya ghasia za 2007 na 2008 hatuwezi kuingia ukumbi ule bila kuwaza mawili matatu. Niliwaza zaidi juu ya mashahidi.

Jumamosi, mdogo wangu akiwa na mapumziko, tulifuatana na wenzake wawili wa darasani hadi Passau, sote wanne kwa tikiti moja. Huko mito mitatu hukutana: Danube, Inn na Ilz, na ukisimama mahali pazuri unaona rangi zao zikikataa kuchanganyika. Kwenye ukuta wa jumba la mji wamechora alama za mafuriko ya karne na karne. Mwaka wa 2013 maji yalifika mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1501. Sisi tuliozaliwa karibu na mto Nzoia tuliitazama alama ile kimya. Budalang'i hatuna ukuta wa kuandikia, lakini kila mzee anajua maji yalifika wapi.

Ni katika garimoshi la kurudi, wenzake wakisinzia, ndipo mdogo wangu alipofungua moyo.

"Dada, wakati wa baridi nilifunga sanduku mara mbili," alisema.

Sikumkatiza. Aliniambia jinsi Kijerumani cha wodini kilivyomshinda, jinsi alivyokuwa akilia bafuni, na jinsi alivyochelea kumwambia mama kwa kuwa shamba lilikuwa limekodishwa ili apate nauli. Kilichomzuia ni bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akimsahihisha matamshi kila asubuhi. Siku moja hakufika kazini, na kesho yake akakuta bibi huyo amewauliza wauguzi wote, yule msichana wa Kenya yuko wapi.

"Nikajua kuna mtu anayenihesabu," alisema.

Maneno hayo hakunitamkia jioni ya kwanza, tulipokula ugali tukicheka, wala ya pili, wala ya tatu. Yalikuja jioni ya saba. Laiti ningekuwa nimelala kwake usiku mmoja kisha nikaondoka mbio kwenda kuona majumba ya wafalme, ningemletea mama jibu lile lile la simu. Badala yake nilimwambia ukweli: amekonda kidogo, amepita pagumu, lakini amesimama. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza shamba litarudi lini. Hapo nilijua ameniamini.

Kwa hivyo, msomaji, ukipata bahati ya kumtembelea ndugu au mtoto aliye mbali, chagua mji mmoja wenye stesheni nzuri. Tandua sanduku mara moja. Mchana nenda utembee, umwache mwenyeji wako afanye kazi zake bila kukuhangaikia, na jioni uwe mezani. Miji mingine haitahama. Ila mambo ambayo mtu amezoea kuyaficha kwenye simu hayatoki kwa mgeni wa siku moja.