Kuchora Sayari kwa Udongo wa Ukambani

Ukitoka Ikutha kuelekea Kibwezi, barabara hupanda mgongo mrefu wenye juu bapa, unaonyooka pande zote mbili hadi macho yachoke kuufuata. Huo ndio uwanda wa Yatta. Matatu huumaliza upesi kisha huteremka kwenye Mto Athi, na abiria wengi hawajui kwamba wamevuka bonde lililogeuka mlima. Yapata miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka katika bonde la mto wa kale kwa karibu kilomita 300, ikaganda humo. Ardhi ya kandokando ikaliwa na mvua upesi kuliko lava, ikashuka, ikashuka, hata kilichokuwa sakafu kikawa paa.

Nilikwenda huko kwa ajili ya riwaya. Naandikia vijana hadithi inayotokea katika sayari ya kubuni, na nataka ardhi ya sayari hiyo iwe na sababu zake. Wabunifu wengi huanza na mnyama: wakampa pembe sita na macho matatu, ndipo wakamtafutia jangwa la kumweka. Mimi nashikilia kinyume. Ardhi ndiyo inayouliza swali, na mnyama ndiye jibu lake. Yatta tayari ilinipa mstari wa kwanza wa ramani, kwa kuwa mto uliozikwa na lava ukabaki kuwa ukuta huwatenga viumbe wa huku na wa kule.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesimama katikati ya Mto Tiva, upande wa Kitui. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekatika na mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana. Mama mmoja alikuwa ameinama kwenye shimo, akichota kwa kibuyu na kujaza mtungi wa plastiki.

"Mama, mto umeenda wapi?" nilimuuliza.

"Uko hapo ulipokanyaga, mwanangu. Chimba."

Mito ya Ukambani huishi chini. Mafuriko ya siku chache hujaza mchanga, na maji hukaa humo jua lisiyafikie. Ndovu wa Tsavo hulijua jambo hilo; huchimba kwa miguu na mkonga, wakinywa wakaondoka, wanyama wadogo hufuata kwenye mashimo yao. Wakamba nao wamejenga mabwawa ya mchanga, ukuta mfupi wa zege uliokitwa kwenye mwamba, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji hadi kiangazi. Kitui peke yake ina mamia. Palipo na maji ya namna hiyo, katika sayari yoyote, mnyama anayejua kuchimba ndiye mfalme, na wengine huishi kwa hisani yake.

Wasiochimba wana njia nyingine. Kwenye vichaka vya migunga vya kusini mwa Kitui nilimwona swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka, akila majani ambayo swala wengine hawayafikii. Maji yake yote aweza kuyapata katika majani hayo, asinywe kabisa. Digidigi, mdogo kama sungura mkubwa, hupoza damu yake kwa pua ile ndefu inayochezacheza.

Kibwezi hali hugeuka ghafla. Vilima vya Chyulu, vya volkano changa, havina mito hata mvua inaponyesha sana, kwa maana lava yake ina matundu na hunywa kila tone. Maji hayo husafiri gizani na kuibukia mbali: Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, panapoishi viboko, na Umani, ambako msitu mbichi umesimama juu ya lava nyeusi, umezungukwa na nchi kame. Mpaka kati ya kivuli na ukame ni hatua chache. Ningeubuni mwenyewe, msomaji angesema nimetia chumvi.

Lakini hoja yangu yote iko Mtito Andei. Katikati ya miaka ya 1970 mwanabiolojia Mmarekani Richard Alexander alikuwa akijiuliza kama mnyama anyonyeshaye angeweza kuishi kama mchwa, na malkia mmoja anayezaa na wafanyakazi wasiozaa. Hakumjua mnyama wa aina hiyo, akambuni kwa kufuata makazi: angekuwa mgugunaji, akae chini ya udongo mgumu wa nchi ya joto yenye kiangazi kirefu, ale viazi vikubwa vya porini asilazimike kutoka nje, na adui yake awe nyoka. Katika mhadhara mmoja huko Arizona, mtaalamu wa wanyama Terry Vaughan alimwambia kwamba amemweleza fuko-uchi wa Afrika Mashariki. Jennifer Jarvis, aliyekuwa amewakusanya fuko hao Kenya, alithibitisha malkia wao katika jarida la *Science* mwaka 1981.

Niliviona vifusi vyao huko Mtito Andei asubuhi, kando ya shamba la mbaazi: vilima vidogo vya udongo mwekundu, kimoja kikirusha vumbi kwa mikupuo, kwani chini yake fuko mmoja alikuwa akipiga teke udongo ambao wenzake walimsogezea. Nilikaa hapo hadi jua likawa kali na kazi ikasimama. Koloni moja huwa na fuko kama 75, na wengine, wakifugwa, huishi zaidi ya miaka 30. Alexander hakuwa ameuona udongo huu. Aliufikiri vizuri, nao ukamjibu.

Lakini mchanga ule unaohifadhi maji unaweza kuondolewa. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, kwa sababu malori yalikuwa yakiubeba kwenda kujengea miji, na mto ukiondolewa mchanga maji yake hayana pa kukaa. Sheria hiyo isimamiwe kwa nguvu, na Kitui nayo iilinde Tiva. Nawe mwandishi kijana unayetaka kubuni sayari, acha kwanza majangwa ya sinema. Shuka Mtito Andei baada ya mvua, uulize maji yako wapi, nani anayafikia na kwa kiungo gani. Ukishayajua hayo, mchore mnyama wako.