Nilimficha Mume Wangu Harufu ya Giaboksi

Mwezi huu naomba tuweke pembeni mambo ya saluni na mitoko ya wikiendi, niungame. Kwa karibu miezi mitatu nilimficha mume wangu jambo. Hapana, si hilo unalolifikiria. Hakukuwa na mwanaume wala meseji za saa sita usiku. Kulikuwa na harufu. Harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na ilikuwa inatoka chini ya gari letu kila nilipopanda ile barabara ya kuelekea Rock Garden, hapa Morogoro.

Gari lenyewe nililichagua mimi. Hapo ndipo kesi yote ilipo.

Mwaka 2018 tulikuwa tumejibana miaka miwili. Yeye anaweka kutoka kwenye mshahara, mimi naweka mshahara pamoja na pesa za mchezo wa ofisini. Mume wangu alitaka Toyota IST, na hoja zake zilikuwa za mtu mzima: spea zipo kila kona, na fundi yeyote kuanzia Msamvu hadi Kihonda anaifungua akiwa amefumba macho. Mimi nikamcheka. Nikamwita "mzee wa IST" mbele ya shemeji zangu, na jina likamganda. Si unajua tena, ukiwa na thelathini na kitu, una kakazi kazuri, hutaki kuegesha gari sokoni halafu ukashindwa kulitambua kati ya mengine kumi yanayofanana nalo.

Kwa hiyo usiku, mtoto akishalala, nilikuwa nakaa na kompyuta nikiangalia picha za magari yaliyotumika Japani. Nikaliona moja. Dogo, jekundu, milango mitano, kilomita chache, mafuta kidogo. Kwenye maelezo kulikuwa na herufi tatu, DCT, nikamuuliza wakala ndiyo nini. Akanijibu, "Ni otomatiki tu dada, unaweka D unakwenda." Aina ya gari na jina la wakala sitavitaja. Mwenye swali la kujibu hapa ni mimi.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Morogoro hadi Chalinze gia zinabadilika hata chai kwenye kikombe haitikisiki. Ukitaka kulipita basi, unakanyaga tu na gari linaitika palepale, bila ile hali ya kuvuta pumzi kwanza. Mume wangu mwenyewe alisema, "Hapa ulichagua, mama." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Matatizo yakaanzia foleni. Wakati ule barabara za juu za Ubungo zilikuwa bado zinajengwa, na kutoka Mbezi hadi pale ungeweza kumaliza saa nzima ukisogea hatua kwa hatua. (Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro Juni 2024, hiyo foleni naisikia kwenye redio.) Kwenye kutambaa kule gari likaanza kushtuka, kama linaendeshwa na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Linataka kwenda, linasita, halafu linaruka. Nikaanza kulaumu petroli. Harufu ilipokuja nikalipeleka kwa fundi peke yangu, nikamwambia mume wangu naenda kusuka.

Fundi akalizungusha mtaani, akarudi akiwa kimya. Halafu akaniambia, "Dada, hii si otomatiki unayoijua wewe."

Akachukua sufuria mbili za mama ntilie wa jirani, akazigeuza zikatazamana. Kwenye otomatiki ya kawaida, akasema, mfano IST ya kwanza iliyotengenezwa 2002 hadi 2007 yenye gia 4, kati ya injini na giaboksi kuna kitu kama hivi, kimefungwa, ndani mna oili. Injini inazungusha oili, oili inazungusha upande wa pili. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma pale wakati wa kuondoka. Ukisimama kilimani huku umekanyaga mafuta kidogo ili gari lisirudi nyuma, inayoteseka ni oili, na oili ina njia yake ya kupoozwa.

Halafu akazirudisha sufuria. Kwenye gari lako hiki kitu hakipo, akasema. Mna klachi, tena mbili, klachi za kweli kama za gari la kukanyaga kwa mguu, ila mguu wenyewe ni kompyuta. Klachi moja inashughulika na gia ya 1, 3, 5 na 7. Nyingine ina 2, 4 na 6. Ukiwa unatembea na gia ya 2, ile ya 3 imeshaingizwa inasubiri zamu yake. Klachi hii inaachia, ile inashika, na wewe husikii kitu. Ndiyo maana barabara ya Chalinze uliifurahia. Lakini ukitambaa kwenye foleni, au ukilishikilia gari kilimani kwa mafuta, klachi haiwezi kushika yote kwa sababu injini itazima. Basi inashika nusu. Inasugua, inapata moto. "Ni sawa na dereva wa Fuso anayebalansi klachi kutoka hapa mpaka Iringa," akasema. "Atafika, lakini klachi haitafika."

Tena za kwako ni kavu, akaongeza. Kuna zinazoogelea kwenye oili, hizo zinavumilia moto zaidi. Zako zinapoozwa na hewa, na zimeshaanza kuisha. Akanitajia bei ya kubadilisha, na kwamba spea lazima iagizwe nje. Nikakaa juu ya tairi lililokuwa karibu, na gauni langu jeupe.

Ningempigia mume wangu pale pale yangeisha. Lakini nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "mzee wa IST" na watu wanacheka. Nikamlipa fundi hela ya kukagua, nikapita saluni kweli nikasukwa ili uongo ukamilike, nikarudi nyumbani. Kwa miezi mitatu nikawa dereva mwema ajabu. Kila penye kilima nikajitolea kushika usukani. Mume wangu akafikiri nimeanza kulipenda gari kupita kiasi.

Aprili 2019, masika yamekolea, simu ikaja saa moja jioni kutoka Mgeta. Mama mkwe anapumua kwa shida.

Kama hujawahi kufika Mgeta, ni kule juu Uluguruni zinakotoka kabichi, karoti na njegere nyingi unazozikuta masokoni. Unaiacha lami ya barabara ya Iringa pale Sangasanga, halafu unaanza kupanda. Nilipopita mimi, sehemu kubwa ilikuwa udongo na mawe, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hutaki kuangalia. Mume wangu akashika usukani. Ni mama yake, ni kwao, ni giza, ningesema nini? Ningesema mengi, msomaji. Nilikuwa na saa nzima ya kusema na sikusema.

Tukaikuta Land Rover kuukuu mbele yetu, imejaa watu na magunia, inapanda polepole. Hakuna nafasi ya kuipita. Mume wangu akawa anafanya kile ambacho dereva yeyote wa otomatiki angefanya: anaifuata kwa karibu, inaposimama kuchagua njia naye anasimama, analishikilia gari palepale kwa mafuta kidogo bila kugusa breki. Mimi nikiwa pembeni nasikia ile harufu inaingia. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, ikaanza kumweka. Halafu injini inaunguruma na gari haliendi. D, kimya. R, kimya. Tukaanza kurudi nyuma taratibu.

Akavuta hendibreki, akashuka kwenye mvua, akatafuta mawe akaweka chini ya tairi. Aliporudi alikuwa ameloa mwili mzima. Akanusa. "Hii harufu si ya leo," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Nikamwambia yote. Fundi, sufuria, bei, kusuka.

Ningetamani angefoka. Alinyamaza tu, akapigapiga usukani kwa vidole. Ikapita bodaboda inayopanda, akaisimamisha, akapanda. "Kaa na gari," akasema, basi. Nikabaki peke yangu kwenye kona, taa zimewashwa ili mtu asije akatuparamia, nikisikiliza maji yakiteremka mlimani. Dakika arobaini hivi. Nilipojaribu tena likasogea kama halikuwa na shida yoyote. Klachi ikipoa inarudisha moyo, kwa muda.

Mama aliteremshwa na Land Rover, nadhani ni ile ile, mwanawe akiwa amemshika kwa nyuma. Tukamhamishia kwetu, tukashuka naye kwa gia ya chini, na kushuka gari halikuleta ubishi. Alilazwa siku nne akapona. Siku ya pili, mashine ya oksijeni bado iko pembeni, akaniambia, "Mwanangu, gari linaloogopa kilima mmelileta Uluguruni lifanye nini?" Waluguru kwa utani hawana likizo. Ila wajomba hawakutania. Ukoo wa Kiluguru unafuata upande wa mama, na kaka za mama wana sauti. Walitaka kujua kwa nini dada yao alishushwa mlimani kwa gari la mizigo wakati mwanawe ana gari. Mume wangu akawajibu, "Liliharibika." Hakuongeza neno. Nilitazama sakafu.

Tulipozungumza ilikuwa usiku wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya pesa. Akasema, "Gari mimi silijali. Ungeniambia, ningeliacha Sangasanga tukapanda na wenye Land Rover. Mama angefika hospitali mapema." Kisha, "Na ulikuwa unanitazama nikilishikilia kwa mafuta."

Hilo la pili ndilo lililonikaa.

Baada ya hapo nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kutuma pesa Japani. Nikasoma. Kumbe wazo la klachi mbili ni la zamani, Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa nalo kabla ya Vita Kuu ya Pili, ila likaingia kwenye magari ya kawaida mwaka 2003, Volkswagen walipoanza na Golf R32. Kumbe Novemba 2013 Volkswagen hao hao waliyaita kiasi cha magari milioni 1.6 duniani yenye giaboksi ya gia 7, wabadilishe oili, kwa kuwa oili ya awali ingeweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye nchi za joto na unyevu na kwenye foleni za kusimama-simama. Nilisoma hiyo sentensi mara mbili. Joto, unyevu, foleni: hiyo si Dar es Salaam jamani? Honda Fit Hybrid iliyotoka 2013 nayo iliitwa mara 5 katika muda wa mwaka mmoja hivi, baadhi ya mara hizo kwa sababu ya programu inayoongoza giaboksi yake ya klachi mbili, hadi Oktoba 2014 rais wa kampuni, Takanobu Ito, na viongozi wenzake wakakatwa mishahara. Fit mpya ya 2020 ikaja na mfumo mwingine kabisa. Na Ford Australia, mwaka 2018, mahakama iliwaamuru walipe dola milioni 10 za kule kwa jinsi walivyowahudumia wateja waliolalamikia giaboksi ya PowerShift. Wanunuzi wale walikuwa na mahakama. Sisi tunaonunua gari la mkono wa pili, mara nyingi bila hata kitabu cha sevisi, tuna fundi wa mtaani na Mungu.

Sisemi gari hizi ni mbovu. Zile zenye klachi ndani ya oili zinadumu vizuri oili ikibadilishwa kwa wakati. Ile ya Volkswagen ya gia 6 inataka hivyo kila kilomita 60,000. Mtu anayekaa Kihonda, anaenda kazini na kurudi kwenye tambarare, anaweza asijue kamwe ana klachi ngapi. Ila mwenye wakwe Mgeta, au Matombo, au Lushoto huko, aulize swali zaidi ya "ni otomatiki?"

Tulikopa, tukabadilisha klachi. Mume wangu akajifunza kuliendesha upya na kunifundisha, safari hii wote wawili tukiwa ndani: acha nafasi mbele yako ndipo uondoke moja kwa moja, usitambae, kilimani shika breki, usishike mafuta, penye mwinuko mkali weka gia ya 1 kwa mkono, usiiachie kompyuta ikisitasita kati ya 1 na 2. Likatulia. Lakini kila tulipoikaribia Sangasanga tulikuwa tunanyamaza wote, na mwaka 2021 tukakubaliana liuzwe. Siku hizi tuna IST ya rangi ya fedha. Ndiyo, cheka.

Wanunuzi walikuwa vijana wawili wa pale SUA, wapya kwenye ndoa, macho yote kwenye ile rangi nyekundu. Nilitegemea mume wangu ndiye atakayeeleza. Akanigeukia, "Waambie wewe." Nikawaambia kuanzia kilima cha Rock Garden, harufu, klachi za kwanza, klachi za pili, Mgeta. Tukashusha bei.

Yule dada alikuwa amenisikiliza bila kunikatiza. Akauliza swali moja tu: "Na shemeji ulimwambia lini?"

Mume wangu akainama ghafla kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.