Rojo Lililomrudisha Binti Yangu Mezani

Wazazi wenzangu, mtakaosoma habari hii huku watoto wenu wakisukuma mchicha pembeni mwa sahani, nawaomba radhi tangu mwanzo: mimi si mganga wala si bingwa wa mapishi. Ni fundi wa karakana hapa Dar es Salaam, baba wa watoto watatu, na hadi mwaka jana jikoni kwetu nilikuwa nikipita tu kutafuta maji ya kunywa. Kilichoniingiza humo si mapenzi ya kupika, bali ni aibu.

Kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita, alianza kusinzia darasani. Mwalimu wake akatuita, nasi tukampeleka hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha 9.8, wakati mtoto wa umri wake hutakiwa asipungue 11.5. Daktari aliandika dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza damu, kisha akauliza kwa upole mtoto anakula nini nyumbani. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Jibu la kweli lilikuwa andazi na chai ya rangi asubuhi, chipsi mchana akizipata, na wali jioni. Mboga za majani alikuwa hazigusi, na kwa kuwa sisi watu wa kipato kidogo huona fahari mtoto anaposhiba, hatukuwa tumeuliza kashiba nini.

Dawa ile ya maji ina ladha ya chuma, akaikataa. Mke wangu alikuwa katika zamu ya usiku, hivyo kazi ya kumnywesha ikaniangukia mimi. Nikajiona mjanja. Nikaimimina katika uji wa ulezi, nikazidisha sukari, nikamwambia uji wa leo umetiwa sukari guru. Akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Baba, umeweka dawa."

Nikakana. Akauliza tena, nikakana tena, tena kwa sauti ya ukali kama mtu aliyesingiziwa wizi. Hakulia. Alinyanyuka akaenda kulala, na tangu usiku ule kila nilichompa alikinusa kwanza. Uji alioupenda tangu alipoachishwa ziwa aliuacha kabisa. Wiki iliyofuata nilifanya kosa la pili, ambalo naliandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu: nilimshika kidevu nikamlisha mchicha kwa nguvu. Alitapika juu ya shati langu la kazi.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Muheza siku hiyo hiyo, na aliyaona yote akiwa mlangoni na kikapu chake. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, baba," akaketi, akanyamaza hadi mtoto alipolala. Ndipo aliponiambia maneno ambayo sijayasahau: "Huyu hakatai mboga, baba. Anakukataa wewe."

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Siku moja nilipowahi kutoka kazini nikapita shuleni kumchukua, nikamkuta nje ya lango pamoja na wenzake wakinunua mihogo ya kukaanga. Muhogo wenyewe aliula nusu. Lakini chachandu aliimaliza yote, akilamba vidole hadi kwenye kiganja. Nikakumbuka kwamba hata chipsi huzila hivyo hivyo, akizigeuza kijiko cha kubebea sosi ya chupa, ambayo imejaa chumvi na sukari. Alichokuwa akikipenda binti yangu ni kuchovya. Na kwa nini asipende? Sisi ni watu wa ugali. Mtoto wetu hufundishwa kumega na kuchovya kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Ni baada ya kununua meza na vijiko ndipo tulipoanza kumwekea mboga kando, kilima kibichi kilicholowa, tukamwamuru akimalize.

Jumamosi nilikwenda naye soko la Buguruni. Sikumwambia ninachokusudia, nilimwachia achague karoti, matango na pilipili hoho, naye alichagua kwa rangi, kama mtu anunuaye khanga. Tukanunua parachichi mbili zilizoiva, ndimu, fungu la mchicha na robo kilo ya karanga. Karanga tulizichambua nyumbani moja moja juu ya ungo. Zilizosinyaa, zenye madoa au zenye ukungu tulizitupa, wala hatukumpa kuku. Sumukuvu haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa jambo hili nawasihi msione uchungu wa fedha.

Binti yangu ndiye aliyetwanga. Tulizikaanga karanga kidogo kwa moto mdogo, tukazimenya, akazitwanga katika kinu kidogo cha vitunguu hadi zikaanza kutoa mafuta. Mchicha niliutokosa kwa dakika tatu tu, nikauchuja, nikaukamua na kuukatakata hadi ukawa kama majani ya chai yaliyolowa. Kisha tukaponda parachichi moja kwa uma, tukachanganya na vijiko vinne vya chakula vya karanga zilizotwangwa, nusu kikombe cha mtindi, kipande kidogo cha kitunguu saumu kilichosagwa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ndimu aliikamua mwenyewe, na ilimrukia jichoni, tukapoteza robo saa nzima.

Hapo ikaja saa ya hukumu. Mchicha ulikuwa bado kwenye kibakuli chake. Nakiri kwamba mkono wangu uliwasha. Parachichi ni la kijani, mchicha ni wa kijani, na mtoto alikuwa amekwenda kunawa uso. Ningeweza kuutumbukiza wote na kukoroga, asijue. Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka, hakusema neno.

Nilimsubiri arudi. Nikamwambia, "Huu ni mchicha. Uweke wewe, kiasi unachotaka."

Aliweka kijiko kimoja cha chai. Akakoroga, akanusa, akaniuliza kama kuna kitu kingine. Nikamtajia kila kilichomo, kuanzia parachichi hadi chumvi. Akachukua kijiti cha karoti, akachovya ncha tu, akala. Akachovya tena. Tango likafuata, kisha hoho nyekundu. Kaka zake walipoingia kutoka mpirani walikuta bakuli limebaki robo, na ugomvi uliozuka sikuuamua upesi, maana ulikuwa ugomvi wa mboga.

Mama mkwe alionja kwa kidole, akacheka sana. "Baba, umehangaika hivi kumbe umepika mchicha wa karanga uliopoa!" Ni kweli. Bibi zetu walijua zamani kwamba mboga ya majani haitaki kuwa peke yake, inataka nazi au karanga. Na wataalamu wa leo wanakubaliana nao: vitamini A iliyomo katika karoti na mchicha mwili huipokea vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Madini ya chuma yaliyo katika majani nayo ni magumu kufyonzwa kuliko yale ya nyama au maini, ila ndimu, chungwa au nyanya huyasaidia. Chai hufanya kinyume chake. Ndiyo sababu nyumbani kwetu chai hainywewi tena pamoja na chakula, bali saa moja au mbili baadaye, na katika nyumba ya watu wa Tanga haya yalikuwa mapinduzi makubwa kuliko rojo lenyewe.

Mambo machache ya jikoni niliyojifunza kwa kukosea: mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji yanayotiririka, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karoti mbichi ngumu wala karanga nzima, maana humkaba. Yeye atokosewe karoti hadi ilainike. Rojo lenye mtindi lisilale nje ya jokofu. Sisi tusio na jokofu tunatengeneza la kuliwa siku hiyo hiyo. Parachichi likipanda bei, maboga yaliyochemshwa na kupondwa yanashika nafasi yake vizuri, na watoto wangu wakubwa huyapenda zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2023 mtoto wa miaka sita hadi tisa ale mboga na matunda angalau gramu 350 kwa siku. Nilimwomba muuza duka anipimie kiasi hicho kwenye mizani yake, nikastaajabu. Ni mzigo kwa tumbo dogo. Hatufiki kila siku. Wala nisimdanganye mtu kwamba rojo lilimponya binti yangu. Damu yake ilipanda hadi 11.2 baada ya miezi mitatu, na daktari alisema kazi kubwa ilifanywa na dawa. Lakini dawa hiyo sasa anaimeza kwa kijiko, waziwazi, akisindikiza na kipande cha chungwa, kwa sharti kwamba mimi nilambe tone moja kwanza mbele yake. Ni chungu kweli. Sikuwahi kuionja kabla.

Uji ameurudia mwezi uliopita, ila huupika na bibi yake kwenye simu akisimamia. Bamia bado hajaigusa, na mama mkwe amekwisha kuagiza tusimwulize.