Akiba Iozayo

Msomaji mpenzi, wazee wetu walituachia methali fupi isemayo kuwa akiba haiozi. Nilifundishwa methali hiyo nikiwa mtoto, nikaiamini kama niaminivyo kuwa jua huchomoza mashariki. Lakini ninayo akiba moja ambayo huoza huku nikiitazama. Ni akiba ya mchezo mmoja wa video wa Japani pamoja na vitu viandamanavyo nao. Nataka kukueleza jinsi akiba hiyo ilivyonifanya niifikirie upya methali ya wazee.

Mchezo wenyewe waitwa Akumajō Dracula. Nje ya Japani wajulikana zaidi kwa jina la Castlevania. Ulitolewa na kampuni ya Konami tarehe 26 Septemba 1986, na habari yake yatokana na mnyonya damu yule aliyepata umaarufu kwa kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897. Mchezaji huwa mwindaji aitwaye Simon Belmont, aingiaye peke yake katika ngome ya Dracula, mjeledi mkononi. Hatua zake ni 18. Ndani yake mna popo, mifupa itembeayo, maiti zilizofungwa sanda, Medusa mwenye nywele za nyoka, na hata Mauti mwenyewe akishika mundu. Mwindaji hupiga mishumaa ili apate silaha, na akibahatika kuvunja ukuta ufaao, hukuta chakula kilichofichwa cha kumrudishia nguvu. Muziki wake, uliotungwa na Kinuyo Yamashita na Satoe Terashima, hautishi tu, bali huvuta. Mtu huogopa, na hata hivyo hataki kuondoka.

Iko ajabu moja mwishoni. Dracula akisha kushindwa, majina hupita juu ya kioo kama katika filamu, lakini si majina ya watu walioutengeneza mchezo. Ni majina ya mzaha, yaliyopindwa kutoka kwa watu wa hadithi na filamu za kutisha: Christopher Lee amefanywa Christopher Bee, na Bram Stoker amefanywa Vram Stoker. Waliojenga ngome hiyo hawakujitaja ndani yake. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Nilianza kukusanya vitu hivi nilipokuwa nikiishi Osaka, katika mkoa ule ule ambamo kampuni hiyo ilianza mwaka 1969 kwa kukodisha na kutengeneza mashine za kupigia santuri. Katika mtaa wa Nipponbashi yako maduka yauzayo michezo iliyokwisha tumiwa. Rafu zake hupangwa kama za maktaba. Kila kitu huvikwa mfuko wa plastiki, na kikaratasi hueleza kasoro zake bila kuficha: sanduku limebonyea, kijitabu hakipo, mwenyewe wa zamani ameandika kwa kalamu. Niliupenda uaminifu huo, nao ulinifanya nirudi kila mwisho wa juma.

Hapana budi nikueleze kuwa mchezo wa 1986 haukutoka kwanza katika kaseti, bali katika diski ya sumaku, nyingi katika hizo zikiwa za rangi ya manjano, ndogo za kuenea kiganjani. Diski hizo zilisomwa na chombo cha ziada cha mashine ya Famicom, ambacho Nintendo ilianza kukiuza Februari 1986. Mtu aliyechoka na mchezo wake aliweza kuipeleka diski dukani, akalipa yen 500, na mashine iliyokuwapo ikafuta mchezo wa zamani na kuandika mwingine. Huduma hiyo ilidumu mpaka mwaka 2003. Kwa mtoto mwenye fedha chache ilikuwa neema. Kwa mkusanyaji ni mtego. Diski yangu ya kwanza ilikuwa na picha ya ngome juu yake, lakini nilipoitia katika chombo ulitokea uwanja wa gofu. Hakuna aliyenidanganya. Mtoto fulani, zamani sana, alichoshwa na Dracula akataka kupiga mpira, naye alikuwa na haki kamili.

Kosa hilo lilipasa kunipunguzia hamu, lakini liliizidisha. Nilinunua kaseti ya Akumajō Densetsu ya mwaka 1989, ambayo ndani yake mna kipande cha ziada cha kutoa sauti, hata muziki wake ni mnono kuliko ule wa kaseti zilizouzwa Marekani. Nilinunua Chi no Rondo ya mwaka 1993. Nilinunua Gekka no Yasōkyoku ya mwaka 1997, yenye picha za Ayami Kojima na muziki wa Michiru Yamane. Tena sikutosheka na michezo. Nilitafuta sahani za muziki, vitabu vya mwongozo, matangazo ya karatasi yaliyobandikwa madukani, na kitabu cha picha za Kojima. Hatimaye nikanunua Gekka no Yasōkyoku ya pili, ambayo plastiki yake ya kiwandani haikupata kuchanwa, ili moja niicheze na moja niitazame tu.

Mwezi ule nilichelewesha fedha nilizozoea kumpelekea mama nyumbani. Alinipigia simu, naye hakuuliza habari za fedha. Aliniuliza, "Mwanangu, u mgonjwa? Unakula?" Nilimjibu kuwa mimi ni mzima na kwamba fedha zitafika. Sikumwambia zilikokwenda. Nilipokata simu niligeuka nikalitazama lile sanduku jipya juu ya rafu. Yapata mwezi mzima nalitazama, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nililiona. Lilikuwa karatasi ndani ya plastiki. Mtu hawezi kujua kama sahani iliyomo ni nzima ama imeharibika, maana akilifungua ili ajue, limekwisha kuwa kitu kingine. Nilikuwa nimeinyima nyumba yetu fedha kwa ajili ya kitu nisichothubutu kukitumia.

Tangu siku hiyo nilianza kuiona akiba yangu kwa macho makavu, nikatambua kuwa inaoza. Ukanda wa mpira ulio ndani ya chombo cha diski hulegea kwa miaka, na mwingine huyeyuka ukawa kama lami. Diski za manjano hazina kifuniko mahali pa kusomea, basi vumbi na ukungu huingia. Karatasi hubadilika rangi hata gizani. Fundi mmoja mzee alinifundisha kubadili ukanda: kufungua skrubu ndogo, kufuta utando mweusi wa mpira wa kale, na kuvika ukanda mpya bila kuuvuta kupita kiasi. Kazi hiyo ilinipa furaha ambayo rafu haikupata kunipa.

Chombo kilipopona, nilitia diski nyingine ya Akumajō Dracula niliyoinunua kwa bei ndogo kwa sababu sanduku lake lilipotea. Safari hii ngome ilikuwamo. Mchezo huo wa diski humtaka mchezaji aandike jina, kisha humhifadhia mahali alipofika. Nafasi zote zilikuwa na majina. Moja lilikuwa fupi, na mwenyewe alikuwa amefika mbali, karibu na Mauti yule mwenye mundu, akaachia hapo. Pengine alishindwa. Pengine alihama, au alikua mtu mzima. Ili niandike jina langu, ilinipasa nifute moja katika yale.

Nilikaa nimeshika kidhibiti mkononi kwa muda mrefu. Diski ilikuwa yangu kwa risiti. Fedha nililipa, na sheria hainikatazi. Lakini nilikumbuka majina ya mzaha yapitayo mwishoni. Waliotengeneza mchezo hawakuacha majina yao ndani yake, na mtoto asiyejulikana ameliacha lake kwa miaka mingi katika unga mwembamba wa sumaku. Nikiufuta, hakuna mahali pengine duniani lilipoandikwa kuwa mtoto huyo aliwahi kufika pale. Nilizima mashine.

Baadaye nilinunua kaseti ya mchezo huo huo iliyotolewa mwaka 1993, isiyo na sanduku, kwa bei nafuu. Hiyo ndiyo niichezayo, na wageni wangu huicheza. Fedha za mama nilizipeleka kabla ya kununua chochote kingine, na sijachelewa tena. Lile sanduku lililofungwa nililichana mwenyewe. Thamani yake ya sokoni ilishuka kabla plastiki haijafika sakafuni. Sahani iliyomo ilikuwa nzima, nami nikausikiliza muziki wake usiku ule mpaka mwisho. Majina ya ile diski niliyaandika katika daftari, na kila mwaka huwasha chombo mara moja nione kama bado yapo. Mara ya mwisho nilipotazama, yalikuwapo. Najua kuwa siku itafika ambapo sumaku itachoka, nami sitashangaa.

Msomaji mpenzi, huenda wewe hukusanyi michezo ya Japani. Huenda wakusanya stempu, sarafu za kale, au santuri za babu yako. Sikushauri uache. Nakuomba tu uwe na desturi ya kujiuliza maswali mawili kila uongezapo kitu: nani amekosa nini ili nikipate, na je, nakitunza ama nakifungia? Nadhani wazee hawakukosea. Waliposema akiba haiozi, walikuwa na maana ya chakula kiwekwacho kwa siku ya njaa, yaani kitu kitakachomfaa mtu. Vyangu vitaoza vyote, na ukanda niliouvika jana utayeyuka kama ule wa kwanza. Siku hiyo nitafungua skrubu tena, na ikiwa jirani yangu kijana atakuwapo, nitampa bisibisi aifanye kazi hiyo yeye.